Uzi Uliopata Alama Tisini na Nane

Kila Ijumaa saa nne asubuhi mfagizi wa hospitali alitundika mizani kwenye mlango wa nyuma wa jengo la utawala, na kila idara ikaleta mfuko wake wa taka upimwe. Maabara ilileta kilo sita. Jiko lilileta kilo kumi na nne na maneno mengi. Stoo kuu ilileta gramu mia mbili: kalamu tatu zilizokwisha wino, ganda la ndizi na vumbi. Mfagizi aliandika uzito ubaoni, na idara yenye taka kidogo kuliko zote ikapewa bendera ya kijani ya kutundika mlangoni kwake hadi Ijumaa nyingine. Bendera hiyo ilikuwa imekaa kwenye mlango wa stoo kwa wiki kumi na moja mfululizo, mpaka jua limeipausha upande mmoja.

Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na hospitali nzima ilimwita Bi Kufuli, kwa sababu siku moja ya mapumziko alipanda basi kutoka kwake hadi kazini, akalivuta kufuli la stoo aone kama limefunga, kisha akapanda basi kurudi. Lilikuwa limefunga. Hakuwa mwizi, hakuwa mvivu, na kwa miaka kumi na sita kitabu chake hakikuwahi kupishana na rafu hata kwa sindano moja. Watu wa namna hii ni hazina kwa ofisi yoyote. Wakati mwingine ni balaa pia, ila balaa lao huwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mwaka ule hospitali ilikuwa imeingia kwenye manunuzi ya kijani. Afisa Ununuzi, mwanamume mnene mpole aliyekuwa na vyeti vya semina kumi na tisa ukutani, alieleza kwamba kuanzia sasa hawatanunua kitu kwa sababu ya urahisi wa bei tu, bali kwa jinsi kinavyoitunza dunia. Zabuni ya nyuzi za kushonea wagonjwa ilipimwa kwa alama mia: sabini za utunzaji wa mazingira, ishirini za usafirishaji, nane za bei, na mbili zilizobaki za kama uzi unashona. Mzabuni aliyeshinda alipata tisini na nane.

Maboksi ishirini na manne yalifika Jumatatu, kila moja na picha ya jani ubavuni. Kanuni ilitaka boksi moja katika kila kumi lifunguliwe, pakiti itolewe, uzi uvutwe kwa mkono na kunuswa. Lakini maboksi yalikuwa yamezungushiwa plastiki tabaka tatu, na plastiki ya boksi lililofunguliwa stoo huhesabiwa taka za stoo, ya boksi lililofunguliwa wodini huhesabiwa taka za wodi. Bi Kufuli alilijua hilo, na wodi zote zilimnung'unikia kwa hilo. Akagonga maboksi mawili matatu kwa kifundo cha kidole, akalitikisa moja karibu na sikio kama anayechagua tikiti maji, kisha akaandika kwenye hati ya mapokezi: yamefunguliwa, yamekaguliwa, ni mazima. Akatia sahihi. Dereva wa lori akamshukuru kwa kutomchelewesha.

Jumatano asubuhi mdogo wake wa tumbo moja aliletwa na uchungu, mimba yake ya kwanza, mtoto kakaa vibaya. Mume wake alikuwa mbali kikazi, na aliendelea kuwa mbali. Daktari wa upasuaji alimpasua, akatoa mtoto wa kike mwenye nywele nyingi na hasira, akamshona mama yake kwa uzi mpya. Mama yao, bibi kizee aliyekuwa amekaa nje tangu alfajiri, aliambiwa wote wawili wazima. Akainua mikono kushukuru.

Alhamisi, jani la kwanza lilitokea kwenye mshono, upande wa kushoto. Mchana yalikuwa matatu. Muuguzi wa wodi aliandika kwenye faili: mgonjwa anaendelea vizuri, joto la kawaida, majani matatu. Akaagiza mgonjwa asogezwe karibu na dirisha apate mwanga.

Jioni ile ile daktari wa upasuaji alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la stoo.

"Ule uzi unaota," alisema.

"Umeandikwa ni wa asili," alisema Bi Kufuli.

"Sibishani na maandishi. Yule fundi mwashi niliyemshona kiganja ametoa ua. Nimemfumua, nikamfunga bandeji, ameshakwenda zake. Lakini tumbo haliponi kwa bandeji, na mizizi ya mdogo wako inashuka. Nipe nailoni ya zamani kabla ya Jumamosi adhuhuri, nimfumue nimshone upya, aende nyumbani akalee. Baada ya hapo nikiuvuta uzi, nitamvuta na yeye."

Nailoni ya zamani ilikuwepo. Ilikuwa maboksi manne chini ya meza ya Bi Kufuli, hatua mbili kutoka alipokuwa amekaa, yamebandikwa karatasi inayosema yanasubiri kuteketezwa kwa sababu hayakuwa rafiki wa mazingira. Ili kitu kilichobandikwa karatasi ile kitoke tena, ilihitajika barua ya kueleza kwamba kilichokuja mahali pake ni kibovu. Bi Kufuli akapanda ghorofani kwa Afisa Ununuzi.

"Pole sana kwa kuuguliwa," Afisa alisema, akaendelea kupiga mihuri. "Barua hiyo inatoka kwa aliyekagua. Aliyekagua ni wewe. Na ripoti yako nimeisoma, inasema ulifungua, ukaona ni mazima. Sasa, dada yangu, ama ripoti ni ya uongo, ama mdogo wako ni mzima. Chagua wewe, mimi nitafuata."

Hakusema kwa ubaya. Alimpa hata karatasi ya kuandikia, iliyotumika upande mmoja.

Bi Kufuli akapitia wodini. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu, mtoto yuko titini, na kutoka tumboni vitawi viwili vyembamba vilikuwa vimeshika chuma cha kitanda. Hakuwa na maumivu. Alisema anasikia kama kutekenywa.

"Dada," alisema, "wanasema uzi ulikuja mbovu. Si uliyafungua maboksi?"

"Niliyafungua."

"Basi mimi sina wasiwasi. Ningesikia aliyekagua ni mwingine, ningeogopa."

Ijumaa asubuhi, baada ya kupima taka na kuipata bendera kwa wiki ya kumi na mbili, Bi Kufuli aliiandika ile barua. Ilikuwa mistari mitatu. Sikufungua. Niliandika kuwa nimefungua. Naomba nailoni itoke. Aliisoma, akaona haina kosa, akaiweka kwenye droo. Ripoti ya uongo ilikuwa ni kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na mshahara wake ndio uliomlisha mama yao, na sasa kulikuwa na mdomo mwingine. Tena Jumatatu wakaguzi kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kupima utendaji wa hospitali, na haikuwa vyema wakute mvurugano. Yote hayo yalikuwa kweli. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na mkataba wa ajira.

Jumamosi daktari alivaa glavu saa tano na nusu akasimama mlangoni pa chumba cha upasuaji. Saa sita ilifika. Alisubiri mpaka sita na nusu, kwa sababu alikuwa mtu mwema, kisha akavua glavu na kuzitia kwenye pipa la kijani. Bi Kufuli wakati huo alikuwa stoo, amefunga mlango kwa ndani, anahesabu pamba. Pamba yote ilikuwepo. Alihesabu mara mbili.

Jumapili mizizi ilitoboa godoro. Jumatatu alfajiri ilikuwa imepita kati ya vigae vya sakafu, na wafagizi waliopiga deki waliizunguka kwa adabu.

Wakaguzi walikuja saa tatu na fomu zao. Mkataba wa utendaji wa hospitali ulitaka miti arobaini ipandwe mwaka ule. Ilikuwa imepandwa thelathini na tisa, na kwa kuwa mkataba ulisema kupandwa na haukusema kumwagiliwa, thelathini na mitano ilikuwa imekauka. Walipopita wodi ya wazazi, mkaguzi mkubwa alisimama kwenye kitanda cha dirishani. Aliuliza ule ni wa aina gani. Muuguzi wa wodi akasema bado hawajajua, ni mchanga, ila unakwenda vizuri. Mkaguzi akaandika arobaini, akafunga kibao kidogo chenye namba hiyo kwenye mkono wa mdogo wake Bi Kufuli, karibu na kile kitambulisho cha mgonjwa. Mdogo mtu alimwambia asante, maana alilelewa vizuri.

Wakaguzi walipoondoka, saa kumi jioni, Bi Kufuli alipeleka barua yake ghorofani. Afisa Ununuzi aliisoma mpaka mwisho na macho yakamlegea kwa huruma.

"Umefanya jambo la kiungwana," alisema. "Si wengi wangekiri. Na nashukuru hukuileta Ijumaa, ingetusumbua sana."

Aliitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili. Kwa mti uliosajiliwa, alieleza, kungehitajika kibali cha kukata, na kibali hakitolewi kwa mti wenye afya. Kuhusu kufukuzwa kazi, hakukuwa na haja: bidhaa yenyewe ilikuwa imevuka malengo. Bi Kufuli akashuka ngazi. Njia nzima alikuwa anasikia aibu, na chini ya aibu, ahueni. Ahueni ndiyo iliyomtisha, lakini alikwenda nayo nyumbani.

Katika wiki ya pili mdogo wake alianza kusema kidogo. Gome lilipanda kutoka kiunoni, laini na la rangi ya chai ya maziwa, na lilipofika kifuani mtoto aliondolewa, akapewa cheti cha kuruhusiwa, akakabidhiwa kwa bibi yake. Siku ya kumi na tatu gome lilikuwa limefika kidevuni. Bi Kufuli alikuwa amekaa kando, amemshika kitawi.

"Dada, nina kiu," mdogo wake alisema.

Yalikuwa maneno yake ya mwisho. Muuguzi alikuja na jagi la lita mbili akamwagia kwenye shina.

Hospitali ilifanya vizuri mwaka ule kuliko miaka yote. Uzi uliendelea kutumika, na wagonjwa ambao vidonda vyao vilikuwa vikubwa mno waliota kabla hawajafa, hivyo hawakuhesabika kwenye vifo. Hawakutoka, lakini pia hawakuhesabika kuwa wamelazwa, na msongamano wa vitanda ukashuka. Wodi ya wanaume ilipata kivuli. Chuma cha kutundikia dripu, ambacho kilikuwa kimeombwa kwa miaka minne, kilifutwa kwenye orodha ya mahitaji, maana kila kitanda sasa kilikuwa jirani na tawi. Jamaa waliokuja kuona wagonjwa wao walikaa chini yao wakala walichobeba. Wengine walilia mwanzoni. Baadaye walileta makoleo.

Miezi minne baada ya upasuaji mshono wa mdogo wake Bi Kufuli ulianza kutoa maziwa.

Yalitoka polepole pale pale alipopasuliwa, meupe, ya vuguvugu, hasa saa za alasiri. Mama yao ndiye aliyegundua. Alikuwa na desturi ya kuja na mjukuu wake kila siku, kukaa chini ya binti yake na kumwambia habari za nyumbani, nani kaoa, nani kahama. Siku hiyo mtoto, ambaye maziwa ya unga yalimtapisha na alikuwa amebaki macho na mbavu, aligeuza uso kwenye gome akaanza kunyonya. Alinyonya nusu saa. Usiku ule kwa mara ya kwanza alilala mpaka asubuhi, na baada ya wiki mbili alikuwa na mashavu.

Habari nzuri hazifichiki hospitalini. Daktari wa watoto njiti alikuja na chupa akachukua kidogo, akayapima, akasema hajawahi kuona maziwa kama yale. Afisa Ununuzi alishuka mwenyewe kutoka ghorofani. Alilizunguka shina, akapapasa kibao cha namba arobaini, akafanya hesabu pale pale. Umbali wa usafirishaji, sifuri. Vifungashio, hakuna. Moshi, hakuna. Bei, hakuna. Akamsajili mdogo wake Bi Kufuli kuwa mzabuni wa maziwa ya watoto njiti, na alipomjazia fomu ya tathmini akapata alama mia, pamoja na zile mbili.

Tangu siku hiyo ndoo ya chuma ilifungwa chini ya mshono, na maziwa yakawa mali inayopokelewa stoo. Safari hii Bi Kufuli alikagua. Kila alasiri alikwenda mwenyewe, akafunua ndoo, akanusa, akaonja tone moja kwa ncha ya ulimi, akapima kwa chupa yenye mistari, akaandika. Hakutaka kurudia kosa. Muuguzi wa wodi alisema hajaona mtu aliyebadilika vile.

Mama yao aliambiwa mlangoni kwamba mjukuu wake hawezi tena kunyonya, kwa kuwa si mgonjwa. Alikwisha kuruhusiwa na cheti anacho. Bibi kizee hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipanda ngazi pole pole, akapumzika mara tatu, akaingia kwa Afisa Ununuzi na mtoto mgongoni.

"Mwanangu," alisema, "hayo maziwa ni ya mama yake."

"Mama, naelewa sana," alisema Afisa, akamvutia kiti. "Lakini mama yake sasa ni mzabuni wetu. Na shangazi, sijui niseme mama mkubwa, ndiye anayepokea mzigo. Tukianza kugawa bidhaa kwa jamaa wa mzabuni na jamaa wa mpokeaji, watu watasemaje? Huo ni upendeleo. Tutachafua jina la mtoto."

Bibi kizee akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Wewe ulinyonya?" alimuuliza.

"Nilinyonya, mama."

"Wapi walikuandika?"

Afisa akacheka kwa heshima, akaagiza bibi aletewe maji. Bibi hakuyanywa.

Nyumbani siku ile mama mtu hakumgombeza Bi Kufuli. Ingekuwa afadhali. Alimwekea chakula mezani, akakaa mbele yake na mtoto aliyelia bila kutoa sauti, maana sauti ilikuwa imekwisha.

"Ufunguo wa stoo anao nani?" aliuliza.

"Mimi, mama."

"Na ndoo inalala wapi?"

"Stoo."

"Kikombe kimoja tu, mwanangu. Kikombe cha kahawa."

"Kitapishana na kitabu," alisema Bi Kufuli, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, maana alimpenda yule mtoto kuliko alivyowahi kupenda kitu. Mtoto alikuwa na macho ya mdogo wake yale yale, ya kuamini. Usiku alimlaza kifuani kwake, akamwimbia, akamnywesha uji mwepesi kwa kijiko, na mtoto akautapika wote.

Katika mwezi wake wa saba mtoto alianza kutambaa. Alikuwa mdogo kwa umri wake, mwenye kichwa kikubwa na miguu kama vijiti, lakini alikuwa mwepesi. Alasiri moja bibi yake alisinzia kwenye benchi la wageni, na mtoto akashuka kwenye mapaja, akapita chini ya mlango wa kusukuma, akatambaa kwenye vigae kati ya mizizi ya watu asiowajua mpaka kwenye kitanda cha dirishani. Hakuna aliyemwelekeza. Alishika gome, akasimama kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaisukuma ndoo kwa tumbo, akaweka mdomo kwenye mshono.

Matawi yalishuka yote kwa pamoja, yale yenye dripu na yasiyo na dripu, yakamfunika mtoto kama mtu anayeinama. Mgonjwa mmoja dripu yake iling'oka na hakulalamika. Muuguzi wa wodi aligeukia ukutani akaanza kusoma kalenda.

Bi Kufuli aliingia na chupa yake ya kupimia saa tisa kamili, kama kawaida. Akasimama. Alimwona mtoto amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akafurahi. Alisikia jinsi anavyomeza. Aliweza kuhesabu kila funda, na bila kutaka alizihesabu.

Kisha akapenyeza mikono kati ya majani, akamshika mtoto kwapani, akamvuta. Matawi yalishikilia kidogo, yakaachia. Mtoto alitoka kwa sauti kama ya kizibo kikichomolewa, akapiga yowe moja, na mshono ukaendelea kutiririka ndani ya ndoo. Bi Kufuli akambeba begani, akambembeleza, akambusu utosini, akamfuta mdomo kwa kiganja. Kwa mkono uliobaki akafungua kitabu juu ya kitanda, akaandika tarehe, na kwenye safu ya upotevu akaweka mililita thelathini, akatia sahihi.